Mto Haujaja

Mwanangu Bhoke,

Hali yangu unaijua. Umeniacha barazani sasa hivi nikilalamika kwamba chai haina sukari, ukanijibu kwamba sukari haijaonekana dukani tangu wiki iliyopita na nisijifanye mgeni. Umekwenda kumuaga shangazi yako Robi, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Ofisini nimechukua ruhusa, kwa hiyo alasiri yote ni yangu. Nimekaa niandike yale ambayo kesho pale stendi, mama yako akilia na kondakta akipiga kelele, sitaweza kuyasema.

Sitakuambia ule vizuri wala uangalie mzigo wako kwenye treni ya kutoka Mwanza. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima mpaka nadhani mbuzi nao wameyashika. Mimi nataka kukujibu swali lako la Jumapili.

Uliniuliza mbele ya watu waliotoka kanisani: "Baba, huo mto wako utakuja lini?" Watu wakacheka. Mimi nikakasirika, nikakuambia uende ukasaidie jikoni, jambo ambalo si jibu. Ukaondoka, lakini hukuondoka kabla ya kutupa neno la pili: "Jumamosi ningekuwepo, ningenyoosha mkono tushuke." Hilo liliniuma, Bhoke, na bado linauma.

Jumamosi hii kijiji chetu kinakaa mkutano mkuu kuamua kama tubaki hapa kilimani au tuhamie chini, kwenye lile tambarare la kando ya Mto Mara. Ni mimi niliyesababisha mkaletwa huku juu, miaka kumi sasa. Wewe utakuwa umeshafika Dar es Salaam, Chuo Kikuu, kusomea uhandisi, kazi ileile iliyonilisha mimi na kukulisha wewe. Sitaki uende ukiamini kwamba baba yako alikosea hesabu kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Nilikosea kweli, lakini siyo pale unapodhani.

Nianze na lile jina ambalo wazee wenzangu bado wananiitia, Bwana Labda. Hujawahi kuniuliza nililipataje. Nilipotoka masomoni nikapangwa ofisi ya ujenzi, na kazi ya mhandisi kijana ilikuwa kukagua madaraja na kuandika neno moja: imara, au si imara. Siku moja nikatumwa kukagua daraja la magogo upande wa Machochwe, kwenye barabara ya malori ya pamba. Nikalitazama juu na chini. Lilikuwa zima na lilikuwa limechoka, yote mawili kwa pamoja. Nikarudi ofisini nikapekua taarifa za zamani za madaraja ya magogo, yepi yalivunjika, yalikuwa ya mti gani, yalikuwa na umri gani. Kisha nikaandika kwamba madaraja matano kama hili yakiachwa hivi, moja litakwenda na maji msimu huu.

Mkuu wangu wa kazi akaniita. "Chacha, nimekutuma ukague daraja au upige ramli?"

"Nimekagua, mzee."

"Haya. Litavunjika au halitavunjika?"

Nikasema, "Labda."

Ofisi nzima ilicheka hadi makarani wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini. Na lile daraja halikuvunjika! Msimu mzima kila lori lililofika salama lilikuwa linanitukana. Lakini niliendelea. Kila daraja nililokagua niliandika nafasi yake ya kuanguka, na kila mvua zilipoisha nilirudi kuona kilichotokea. Baada ya misimu kadhaa, katika yale niliyoyaita moja kati ya matano, karibu moja kati ya matano lilikuwa limekwenda. Mkuu akaacha kucheka. Saruji ilikuwa ya kugombaniwa, na sasa alijua mifuko michache aliyonayo aipeleke wapi kwanza. Mikoa mingine ikaanza kutuma vijana wao waje wajifunze. Nakuambia bila haya, kwa sababu ni kweli: katika ofisi zetu zote hakuna aliyekuwa akiipa hatari namba kabla yangu. Nilianza mimi, na penseli, katika ofisi yetu ya Nkende.

Watu wananiuliza niliisoma wapi elimu hiyo. Masomoni nilijifunza hesabu zake, ndiyo. Wazo lenyewe nilitoka nalo bomani kwa babu yako. Fisi haji kila usiku, lakini babu yako alifunga zizi kila usiku, na kukiwa na ndama wachanga aliongeza miiba. Hakungoja mtu amhakikishie kwamba leo fisi yuko njiani. Mimi niliichukua ile akili nikaivalisha tarakimu.

Sasa tuje kwenye mto.

Ulipofika mwaka wa watu kuhamishiwa vijijini, bwana mkubwa wa wilaya alilipenda lile tambarare chini ya Kerende. Liko sawa, maji yako karibu, na nyumba zingeweza kupangwa kwenye mistari iliyonyooka kama alivyotaka. Akaniuliza kama mto unaweza kufika pale. Hapakuwa na kumbukumbu za kupima maji mahali hapo. Nilikuwa na vichwa vya wazee tu, na nilifurahi, maana nilijiona mjanja. Wewe unajua sisi Wakurya tunavyoishika miaka. Kila tohara ina rika lake na kila rika lina jina lake, na mzee aliyekaa vizuri anaweza kukutajia marika kurudi nyuma mpaka enzi za babu yake.

Nikaenda kwa Mzee Mwita, mmoja wa wazee wa mila, yule aliyekuwa na sauti ya mkwaruzo. Nikampa shikamoo, tukakaa. Alinitajia marika moja baada ya jingine, na kwa kila rika niliuliza, "Mwaka huo maji yalipanda mpaka kwenye kile kichuguu cha kule tambarare?"

"Hapana, mura, kijana wangu. Mwaka huo ulikuwa mzuri."

"Na huo uliotangulia?"

"Mzuri."

Katika orodha yote ndefu, rika moja tu ndilo alilosema maji yaliwafika, tena baada ya tohara kwisha. Nikarudi ofisini nikifyatua vidole. Nikaandika kwamba mto utafika tambarare mwaka mmoja kati ya sitini, nikaweka sahihi. Watu wakaanza kushuka na miti yao ya kujengea. Shangazi yako Robi alikuwa wa kwanza kuchimbia nguzo.

Jumamosi moja nilikwenda kumsaidia. Mumewe, ambaye hajawahi kuniacha nipumzike, akaanza utani wake mbele ya mafundi: "Mhandisi huyu mnayemwona, alitahiriwa ndevu zimeshaanza kuota!" Wakaangua kicheko. Nami nikajitetea kama nilivyojitetea maisha yangu yote, kwamba si kosa langu, wazee waliufunga mwaka, ulikuwa mwaka mbaya, hakuna aliyetahiriwa.

Robi akasema, huku akishikilia nguzo, "Si ndio mwaka ule tulilala mlimani na ng'ombe? Huku chini kote kulikuwa maji."

Nilisimama na nyundo mkononi. Wazee wa mila hawafanyi tohara mwaka wa balaa. Ikija njaa, au tauni ya ng'ombe, au mto ukifurika, mwaka huo unapita bila tohara, bila rika, bila jina. Mimi nilikuwa nimeuliza juu ya miaka yenye majina tu, yaani nilikuwa nimeichambua miaka mibaya nikaitupa nje kabla sijaanza kuhesabu. Ni sawa na kwenda nyumbani kwa waliovuka salama kuwauliza kama kivuko kina mamba. Na mwaka ule nilikuwa mmoja wa waliongojeshwa! Nililia kwa aibu, rafiki zangu wa ng'ambo ya mto wakiwa wameshakuwa wanaume. Nikaikumbuka aibu, maji nikayasahau.

Nilirudi kwa Mzee Mwita siku hiyohiyo. "Mzee, mbona hukuniambia habari ya miaka ile mingine?"

"Umeniuliza marika, nimekupa marika. Ile mingine hatuitaji ovyo."

Ilibidi nimbembeleze. Alinisimulia akitazama pembeni, kidogo kidogo, rika lipi lilifuatwa na mwaka mtupu na utupu huo ulitokana na nini. Njaa zilikuwemo, na ugonjwa wa mifugo. Na mto ulikuwemo, tena na tena. Nikafanya hesabu upya. Ikatoka mwaka mmoja kati ya kumi na mbili.

Bwana mkubwa alinipokea vibaya. "Mhandisi, juzi sitini, leo kumi na mbili. Kesho itakuwa ngapi?"

"Kesho itakuwa kumi na mbili."

"Unajua nyumba zimeshaanza kusimama?"

"Najua. Moja ni ya dada yangu."

Akanisogezea karatasi. "Basi andika kwa mkono wako kwamba ulikosea."

Nikaandika. Mtu aliweza kupoteza kazi kwa kidogo kuliko hicho, na wewe ulikuwa unaingia darasa la tatu. Lakini nilipotoka mle ofisini nilijisikia mwepesi, na mpaka leo nikiulizwa ni karatasi gani naionea fahari katika kazi yangu yote, ni ile. Kijiji kikahamishiwa huku juu. Bwana mkubwa hakufanya hivyo kwa kunipenda. Hakutaka watu wafe maji mahali alipopachagua yeye.

Hapo mimi nikaona kazi imekwisha, na hapo ndipo nilipokosea.

Namba yangu nilimpa bwana mkubwa. Waliokuwa wanahamishwa sikuwapa. Lilikuja lori, wakaambiwa pandeni juu, basi. Robi aling'oa nguzo zake mwenyewe, na hakuna mtu aliyekaa naye chini kumweleza hatari ni kiasi gani na kumuuliza kama yuko tayari kuibeba ili apate maji karibu na mlango. Nilimwamulia mimi. Niliwaamulia wote, nikiwa na penseli yangu na chumba changu Nkende ambako kuna bomba. Jumatatu hadi Ijumaa naoga ninavyotaka, Jumamosi nakuja nyumbani nakuta mtungi umejaa, sijiulizi umejazwaje.

Ulijazwa na wewe. Ulikuwa mdogo, ndoo inakufika kifuani, unashuka na kupanda kabla ya shule. Niliahidi pampu. Pampu ilikuja, dizeli haikuja, na sasa kuku wanatagia ndani yake. Siku moja mama yako aliniambia, "Hesabu yako ina mto. Na shingo yangu imo?" Nikacheka, nikadhani ni utani. Masika yaliyofuata jirani yetu, mama Gati, aliteleza na ndoo kwenye ule mteremko wa utelezi akiwa na mimba ya miezi saba. Mtoto hakupona. Nilikwenda msibani, nikakaa na wanaume wenzangu, nikatazama chini. Nilikuwa nimehesabu hatari ya tambarare kwa uangalifu mkubwa, na hatari ya kilima sikuiandika popote, kana kwamba mahali ambapo mto haufiki hakuna kitu kinachoua.

Basi jibu la swali lako ni hili. Mto utakuja lini, sijui, na anayekuambia anajua anakudanganya. Miaka kumi haujaja. Ungeniuliza siku ile tunapanda huku kama tutapita miaka kumi bila kuuona, ningekujibu kwamba ni karibu nusu kwa nusu. Utaifanya hesabu hiyo mwenyewe kabla hujamaliza mwaka wa kwanza, na ukiikuta tofauti niandikie, nitakubali nikiwa nimekasirika. Kwa hiyo namba yangu imesimama. Mto hauna kumbukumbu kwamba umechelewa, na hauna haya kwamba umetuchekesha. Mwakani ni moja kati ya kumi na mbili, na mwaka utakaofuata ni hivyohivyo. Katika hilo sitetemeki hata kidogo, na kijiji chote kikicheka mbele ya kanisa, bado ni hivyo.

Kule uendako watakuuliza kama nilivyoulizwa: litavunjika au halitavunjika? Watakuwa wakubwa wako, watakuwa na haraka, na ukiwaambia ndiyo au hapana watakupenda. Wewe waambie unachokijua na kiasi unachokijua, halafu uvumilie kuitwa majina. Nimeitwa Labda miaka mingi na sijafa. Lakini kila ukipewa habari nzuri zimejipanga vizuri, uulize zipi hazikuletwa. Na ukishapata namba yako, nenda nayo mpaka kwa mtu atakayeishi nayo, ukae kwake, unywe maji yake, uone yametoka wapi. Hilo la mwisho hawakunifundisha popote, na lilinichukua muda mrefu mno.

Wiki iliyopita nilijaribu kulitenda. Nilichukua kikapu, nikatia punje kumi na moja za mahindi na haragwe moja jeusi. Nikamwambia mama yako, "Kila ukichota ni mwaka mmoja. Ukitoa haragwe, mto umekuja. Rudisha, tikisa, chota tena." Akachota. Mara ya nne, haragwe. Akaliangalia kwa muda. Akaanza upya, na safari hiyo akachota mpaka akachoka, haragwe halikutoka. Akaanza tena mara ya tatu, likatoka mwanzoni kabisa.

Akaweka kikapu chini. "Sasa nimeelewa."

Nilifurahi. Nikamwambia, "Unaona?"

"Nimeona. Na bado nataka kushuka."

Bhoke, miaka yote hii nilidhani watu wakielewa hesabu yangu watakubaliana nami. Mama yako ameielewa kuliko makarani wengi niliowafundisha, akaweka shingo yake upande mmoja na haragwe upande wa pili, akachagua. Nilitaka kumwambia anakosea. Nikatafuta kosa lenyewe nisilione.

Kwa hiyo Jumamosi nitakwenda na kikapu changu. Nitawachotesha wote watakaotaka, na Robi wa kwanza, maana ananidai radhi kwa zile nguzo. Nitawaeleza habari ya miaka isiyotajwa. Wazee wa mila watanuna, wanune. Nitawaambia tukishuka, kila masika lazima awepo mtu wa kuutazama mto kule juu, na njia ya kukimbilia isilimwe mahindi. Kisha nitanyoosha mkono wangu tubaki, kwa sababu mimi namba hiyo naiogopa. Nitashindwa. Nimewasikiliza watu mtoni na dukani, najua mikono itakavyokwenda, na nadhani wana haki ya kunishinda.

Nimeshakwenda kwa mwenyekiti kuomba kiwanja, iwapo tutashuka. Alidhani namtania. Mstari wa juu, wa mbali na maji, nimemwambia awape wenye watoto wadogo. Funguo za chumba cha Nkende nazirudisha mwisho wa mwezi, nitakuwa nakwenda ofisini kwa baiskeli kutoka nyumbani. Mama yako anasema sitamaliza hata wiki, na ukitaka kujua uwezekano wake, muulize yeye.

Nakuonea fahari, mama, mpaka nyakati nyingine najishangaa. Nyumba hii bila wewe itakuwa kubwa mno na nitakuwa nazungukazunguka humo nikitafuta wa kubishana naye. Nenda salama. Nenda ukawe mhandisi mzuri kuliko mimi, nafasi yake naiona kubwa.

Na ukirudi likizo, ukishuka kwenye basi usianze kupanda kilima kwa mazoea. Uliza kwanza kijiji kiko wapi. Wakikuambia tumehamia chini, yetu ni nyumba ya kwanza kutoka mtoni. Kitanda chako kitakuwepo.

Baba yako,
Chacha